Mama Marufuku na Ukurasa wa Tisa

Mji mzima ulikuwa umekatazwa kwa mkono wake. Usipite hapa. Usikojoe hapa. Usiegeshe gari mlangoni. Usikanyage majani, hata pale ambapo majani yenyewe yalikwisha kufa zamani na kubaki vumbi. Mbwa mkali, kwenye mageti ya watu ambao hawajawahi kufuga hata paka. Vibao vyote hivyo vilitoka kwenye brashi ya mwanamke mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa kamba na vidole ambavyo havikutakata rangi hata siku ya harusi ya binti yake. Watu waliliacha jina alilopewa na wazazi wake wakamwita Mama Marufuku, naye akaitika.

Cha kuchekesha ni kwamba hakuna mtu mjini aliyechukia kukatazwa kama yeye. Akisikia redioni kwamba kuna kanuni mpya, hata iwe ya kufunga mkanda garini, anaanza hapo hapo. "Wamemaliza mambo mengine yote? Barabara zimekwisha? Dawa zipo hospitali? Ndipo wakapata nafasi ya kunifunga mimi mkanda?" Aliamini kwamba mtu mzima aachwe akae anapotaka, avae anachotaka, aseme anachotaka, ili mradi hajamkanyaga mwenzake. Ukimuuliza mbona basi anakula kwa marufuku, jibu analo mdomoni. "Mkono ni wa mteja. Mdomo ndio wangu."

Nyumbani mambo yalikuwa mengine, na hili tuliseme mapema ili asije akaonekana malaika. Juu ya swichi palikuwa na kibao: ZIMA TAA. Kwenye jokofu: FUNGA MLANGO. Kwenye kiti kizuri kilichotazamana na televisheni: SI CHAKO. Na ukutani sebuleni, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi: USIONGEE WAKATI WA TAARIFA YA HABARI. Wa kuongea wakati huo alikuwa yeye peke yake. Mumewe, mtunza stoo wa hospitali, mtu mpole anayetembea kama anaogopa kumwamsha mtoto, alikuwa ameshazoea. "Nje ni mpinzani," alimnong'oneza shemeji yake siku moja, "ndani ni serikali."

Kwenye kazi, lakini, hakuwa na mpinzani. Fundi mbovu huanza na herufi ya kwanza, na akifika ukingoni nafasi imemwishia, herufi za mwisho zimebanana hazina pa kupumulia. Mama Marufuku alihesabu herufi kwanza, akagawa mstari nusu kwa nusu, akaanza katikati na kwenda pande zote mbili, moja kushoto, moja kulia, mpaka pembeni. Maandishi yake yalikaa sawa kama yamepimwa kwa mizani. Njia hiyo ilikuwa na kasoro moja tu: mwenyewe hakuwa anasoma. Kwake yale hayakuwa maneno, yalikuwa maumbo. Hii ina tumbo, ile ina mguu, ile ya pale inataka nafasi. Aliwahi kulimalizia duka la majeneza kibao kizuri ajabu kinachosema KARIBU TENA, na hakushtuka mpaka wafiwa walipokuja juu.

Nje ya karakana yake palikuwa na baraza, na barazani palikuwa na benchi refu la mbao. Benchi liliwekwa kwa ajili ya wateja, lakini wateja hawakupata kulikalia. Upande mmoja alikaa Fundi Viatu, na nyundo yake na misumari mdomoni. Upande wa pili, kila siku saa nne kamili asubuhi, alikuja kukaa Mwalimu, mzee mstaafu mwenye shati lililonyooshwa mpaka kola inakata, gazeti kwapani. Mkewe alikuwa amefariki, watoto wako mbali, na hakukuwa na mahali pengine alipokuwa anangojewa.

Mwalimu ndiye aliyewasomea. Alilifungua gazeti akaliinua mpaka uso wote ukafichika, ukabaki unaona vidole tu na kusikia sauti. Alianza na vichwa vya habari, akapitia mpira kwa heshima ya Fundi Viatu, kisha akakohoa na kusema, "Ukurasa wa tisa." Hapo nyundo ilisimama na brashi ikasimama. Ukurasa wa tisa palikuwa na safu ya maoni isiyo na jina la mtu. Mwalimu alikuwa akisema tu, "Mwandishi wetu anasema hivi."

Na mwandishi wetu alikuwa na maneno! Waziri amezindua daraja lile lile kwa mara ya tatu. Mwandishi wetu anasema wa kupongezwa hapo si waziri, ni mkasi, unavyokata utepe bila kuchoka. Bei ya mafuta ilipanda kwa sababu ya vita vya mbali. Mwandishi wetu anasema vita vilipokwisha bei haikupata taarifa. Mbunge amepigwa picha amelala bungeni, watu wamekasirika. Mwandishi wetu anaomba asiamshwe, maana akiamka atapitisha sheria. Mama Marufuku alicheka mpaka miwani ikaloa, na jioni aliyapeleka maneno hayo sokoni, kwenye vikao vya ukoo, kwenye foleni ya maji. Wakimbishia, aliwafunga mdomo kwa jambo moja. "Sikutunga mimi. Imeandikwa gazetini. Ukurasa wa tisa!"

Mwenyewe hakuwahi kulishika gazeti hilo. Mikono yake ilikuwa na rangi saa zote, Fundi Viatu macho yake yalikuwa ya karibu tu, hayakufika upande wa pili wa benchi, na Mwalimu akishamaliza kusoma alilikunja vizuri akaondoka nalo. Ilikwenda hivyo miaka minane.

Ndipo akaja afisa wa mji, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, na karatasi yenye mhuri. Alitaka vibao thelathini, vyote maneno sawa, mkubwa wake anavihitaji upesi. Mama Marufuku aliichukua karatasi akafanya kama afanyavyo siku zote: hakuisoma, aliihesabu. Herufi sitini na nne, mistari mitatu. Akachora mistari, akaanza katikati. Kwa siku tisa alifanya kazi ndani, na kila kibao alichomaliza alikiegemeza uso ukutani ili vumbi lisiking'ang'anie. Zilikuwa herufi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, nyeusi tii kwenye nyeupe. Alijipongeza mwenyewe kwa sauti.

Jumatano akavitoa barazani kuvipaka vanishi. Alikisimamisha cha kwanza mbele ya benchi, akarudi nyuma hatua mbili, mikono kiunoni, akisubiri sifa. Mwalimu alishusha gazeti. Kwa mazoea yake ya darasani akasoma kwa sauti, neno kwa neno:

"Ni marufuku kwa wasio na shughuli kukaa barazani na kujadili habari. Kwa amri."

Mama Marufuku alikitazama kibao kile kama mtu aliyeona mwanawe akitukana wageni. Alikisoma mwenyewe, sasa kuanzia mwanzo, kidole kikifuata.

Fundi Viatu alitema misumari kiganjani. "Wasio na shughuli ndio akina nani?"

Akainua kiatu alichokuwa anakishona, akakionyesha huku na huku kama kitambulisho. "Mimi nina shughuli," alisema. Na bila kukusudia, wote wawili wakageuka kumtazama Mwalimu.

Mzee alilikunja gazeti mara mbili, kisha mara mbili tena. "Maandishi mazuri sana, fundi," alisema. "Yamekaa katikati kabisa." Akanyanyuka, akajipangusa suruali, akaenda zake. Alhamisi saa nne ikafika, Mwalimu hakufika. Ijumaa vivyo hivyo.

Iliuma. Tusizungushe maneno, ilimuuma Mama Marufuku mpaka chakula kikamshinda. Kumkataza mtu asiyemjua kukojoa ukutani ni kazi. Lakini kumfukuza mzee wa watu kutoka kwenye benchi lake mwenyewe, kwa mwandiko wake bora, vanishi juu! Alipomweleza mumewe Alhamisi jioni, alitegemea kupozwa.

"Ni vibao thelathini tu, Mama Watoto," alisema mumewe taratibu. "Hapa ndani tunavyo kumi na moja, na hatujaandamana."

Mama Marufuku alimkazia macho. Halafu taarifa ya habari ikaanza, na kwa mara ya kwanza tangu televisheni ile inunuliwe, alinyamaza. "Haya, Baba Watoto," alisema. "Leo sema wewe." Mumewe alijiweka sawa kwenye kiti, akakohoa, akaitazama skrini muda mrefu sana. "Huyu msomaji amenenepa," alisema hatimaye. Ilionekana wazi kwamba alihitaji mazoezi.

Ijumaa asubuhi Mama Marufuku alivaa gauni lake la kuendea ofisini akaenda kumwona afisa. Ofisi ilikuwa chumba chembamba chenye meza mbili na mafaili yaliyopangwa mpaka dirishani, na kalenda ya mwaka uliopita. Alikuja na silaha yake kubwa.

"Mwanangu," alianza, "amri yenu hii hata gazeti limeshaipinga kabla haijatoka. Jumanne, ukurasa wa tisa. Mwandishi kasema watu wakiongea barazani serikali ilale salama, maana inajua wako wapi na wanasema nini. Imeandikwa!"

Afisa alimtazama kwa mshangao. "Jumanne hii?"

"Jumanne hii hii."

Kijana akanyanyuka, akafungua kabati. Ofisi ililipia gazeti lile na kila toleo liliwekwa kwenye faili. Akalitoa la Jumanne, akalitandaza mezani, akafunua hadi ukurasa wa tisa. Palikuwa na tangazo la matairi. Matairi ukurasa mzima, isipokuwa chini kabisa ambapo mtu fulani alitangaza amepoteza hati ya kiwanja.

"Hili lenu ni bovu," alisema Mama Marufuku.

Afisa, kijana mwenye subira, alifungua la Jumatatu. Matairi. La wiki iliyopita: zabuni ya kusafisha mitaro. La mwezi uliopita: matairi tena, na picha ya mzee aliyepotea akiwa amevaa koti la kijivu. "Mama," alisema kwa upole, "mimi gazeti hili nalisoma kuanzia jina lake mpaka anwani ya mtambo wa kuchapia. Ndiyo kazi yangu. Huyo mwandishi wenu hayupo."

Mama Marufuku alikaa chini bila kukaribishwa. Aliifikiria miaka minane. Alivifikiria vikao vya ukoo, na foleni ya maji, na jinsi alivyombana mkwe wake mtarajiwa kwa ukurasa wa tisa mpaka kijana akaomba radhi. Alivifikiria vile vidole viwili vitatu vilivyoshika gazeti, na uso usioonekana nyuma yake. Kisha akaanza kucheka. Alicheka kwa namna ambayo afisa alimletea maji, na karani wa meza ya pili akauliza kama kuna msiba.

Alipopata pumzi aliuliza jambo la maana. "Mwanangu, fundi wangu wa viatu vipi? Naye atafukuzwa?"

"Yeye yuko kazini. Ana shughuli."

"Na mteja anayesubiri kazi yake?"

"Mteja pia ana shughuli, mama. Na sisi hatuna ugomvi na mtu, tumeletewa tu karatasi."

"Mteja anaruhusiwa kusubiri muda gani?"

Afisa aliipitia karatasi yenye mhuri, mbele na nyuma. "Haikusema," alikiri.

Kutoka hapo Mama Marufuku alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mwalimu. Kilikuwa chumba kimoja na ukumbi mdogo, kimefagiwa, kina viti viwili. Kimoja alikalia mwenyewe, na cha pili kilibeba rundo la magazeti lililopangwa kwa tarehe. Mezani palikuwa na madaftari ya shule, yale ya mistari, yamejaa mwandiko uliolala upande.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Karibu, ngoja nikutolee kiti."

"Nimeuona ukurasa wa tisa," alisema akiwa bado mlangoni.

Mwalimu alibaki ameshika rundo la magazeti kifuani. Hakulishusha wala hakulirudisha.

"Matairi," alisema Mama Marufuku.

"Ni matairi mazuri," alisema Mwalimu.

Mama Marufuku alitaka kumfokea, alikuwa amejiandaa njia nzima. "Miaka minane nakunukuu mbele za watu wazima! Miaka minane naapa kwa gazeti! Kwa nini hukusema kwamba ni wewe?"

Mzee aliyaweka magazeti sakafuni, akampa kiti. "Nilisema," alijibu. "Nilimwandikia mhariri barua kwa miaka thelathini na moja. Walichapa moja, wakaikata, kikabaki jina la mtaa wangu na salamu. Nikasema basi, nimestaafu, nitasema mwenyewe kwa mdomo. Unakumbuka siku ya kwanza nilipokuja kukaa pale kwako? Nilisema neno langu kuhusu lile daraja na ule mkasi. Ukaniambia, 'Mwalimu, hayo ni maoni yako,' ukaendelea kupaka rangi."

Mama Marufuku hakukumbuka, na kutokukumbuka ndiko kulikomchoma.

"Kesho yake," aliendelea Mwalimu, "nikalisema lile lile, neno kwa neno, nikiwa nimeshika gazeti. Mkacheka mpaka Fundi Viatu akameza msumari."

"Alimeza kweli," alisema Mama Marufuku kwa sauti ndogo. "Tulimpeleka hospitali."

Wakatazamana. Mama Marufuku ndiye aliyeangalia pembeni kwanza. Mtu wa kupigania midomo ya watu, na huyu amekaa mlangoni kwake miaka yote hiyo hakumsikia mpaka ajifanye karatasi! Aliona haya kweli, na kwa kuwa hakuwa na mazoea na haya, ilimtoka kwa ukali.

"Jumatatu saa nne uje. Utakuwa mteja wangu. Utaagiza kibao, nami nitakiandika herufi mbili kwa siku, na mpaka kiishe una shughuli. Aje mtu akuondoe!"

"Sina duka, fundi. Sina mbwa. Kibao changu kitasema nini?"

"Hilo ni lako. Ila gazeti uliache hapa."

"Bila gazeti siwezi," alisema Mwalimu, na hakuwa anatania.

Jumatatu saa nne alikuja, kola inakata, na gazeti kwapani. Mama Marufuku aliliona akaliacha lilivyo. Ndani ya karakana alikuwa ameshasimamisha ubao mpana kama mlango, umepakwa nyeupe, na katikati yake kabisa palikuwa na herufi mbili za kijani, alizobuni mwenyewe ili kazi ionekane imeanza. Fundi Viatu alisogea ili Mwalimu akae. Hawajamaliza kuulizana hali, afisa akatokea kona na nyundo, misumari, na kibao kimoja cha amri kati ya vile thelathini alivyokwisha kuvichukua. Ukuta wa Mama Marufuku ulikuwa wa kwanza kwenye orodha.

Aliwakuta wawili barazani. Fundi Viatu aliinua kiatu chake. Afisa akatikisa kichwa kukubali, akamgeukia Mwalimu.

"Na wewe mzee?"

"Mimi ni mteja. Nimeagiza kibao."

Afisa alichungulia ndani, akazitazama zile herufi mbili. Alikuwa kijana wa kazi yake. Ubao ule ulikuwa mkubwa, na mji ulikuwa na amri. "Kitasemaje?"

"Mimi sisomi, nachora," alisema Mama Marufuku. "Muulize mwenye kazi."

Mkono wa Mwalimu ulikwenda kwapani wenyewe. Alilitoa gazeti, akalifungua, akaliinua mpaka uso ukapotea. "Mwandishi wetu," alianza, na sauti ilikuwa ile ile ya siku zote, "mwandishi wetu anasema..." Afisa alichungulia kwa pembeni, akayaona matairi. Alifungua mdomo.

Mama Marufuku aliweka brashi chini. Alikwenda mpaka kwenye benchi, akalishika gazeti kwa vidole vyenye rangi, akalitoa mikononi mwa mzee taratibu, kama mtu anavyomnyang'anya mgonjwa kijiko. Hakuwahi kumwona Mwalimu usoni akiwa anasema. Midomo ilikuwa inatetemeka, na macho yalikuwa ya mtoto aliyeitwa ubaoni. Alitamani kumrudishia. Hakumrudishia.

"Mimi," alisema Mwalimu, akakwama. Watu wawili waliokuwa wanapita walipunguza mwendo. "Mimi naona..."

"Unaona nini, Mwalimu?" aliuliza Mama Marufuku.

"Mimi naona mnakosea." "Nimekaa kwenye benchi hili miaka minane nikiisema serikali, na kila siku nimerudi nyumbani nimelala vizuri. Halafu mkanikataza, nikakaa kimya siku nne. Nawaambieni ukweli: katika siku hizo nne nimewaza mambo mabaya kuliko yote niliyoyasema katika miaka minane. Kama ningekuwa mimi serikali, ningeongeza mabenchi."

Fundi Viatu ndiye aliyeanza kucheka, akafuatiwa na wale wapita njia, ambao sasa hawakuwa wanapita tena. Mama Marufuku alicheka huku machozi yakimtoka, na hakujishughulisha kuyatenganisha. Hata afisa kona moja ya mdomo ilimponyoka. Aliirudisha upesi, akaikumbuka kazi yake, akasogea mbele hatua moja na nyundo mkononi.

"Mzee, hayo yameandikwa wapi?"

"Bado," alisema Mwalimu, akaegemea benchi. "Ndiyo nasubiri."